Kofia Iliyolala Mezani

Palikuwa na nchi. Kama unadhani unaijua, nyamaza, maana hata mimi nimelinyamazia jina lake. Ilikuwa nchi ya watu wenye adabu sana, na Bunge lake likawazidi wote kwa adabu. Wabunge walikuwa mia moja kamili. Hamsini na mmoja walikuwa wa Chama cha Ungo, arobaini na tisa wa Chama cha Kinu, na kwa hesabu ya darasa la pili hamsini na mmoja ni wengi kuliko arobaini na tisa. Lakini Bunge si darasa la pili. Mle ndani palikuwa na Mila ya Kofia.

Usicheke kwanza, nikueleze. Katika Bunge la mwanzo kabisa alikuwamo mzee mmoja, Mgeni Kombo, ambaye asubuhi moja alikula maharage yaliyolala. Kura ikiwa inakaribia kupigwa, tumbo likamkata. Akaiweka kofia yake juu ya meza kubwa, maana yake "narudi," akatoka mbio. Sasa Spika wa siku hizo alikuwa amemwoa binti wa Mzee Mgeni. Aendelee na kura baba mkwe yuko msalani? Aishike kofia ya mkwe kwa mkono wake, aisukume kando kama sufuria? Thubutu! Wakangoja. Mzee naye tumbo lilipotulia alipitiliza nyumbani, akalala, akasahau kura na kofia siku tatu. Aliporudi kuichukua, muswada ulikuwa umeshapoa na hakuna aliyekumbuka ulihusu nini.

Basi ikawa mila. Mbunge asiyependa muswada huweka kofia yake mezani, na kura haipigwi mpaka mwenyewe aiondoe kwa mkono wake. Mwingine haigusi. Shuleni watoto hufundishwa kwamba hii ndiyo Hekima ya Waasisi, ya kuwalinda wachache wasionewe na wengi. Maharage hayamo kitabuni.

Zamani angalau mwenye kofia alilazimika kukaa hapohapo na njaa yake, akiilinda. Siku hizi hata yeye haji. Humpa dereva ailete.

Mila hii ingeweza kufutwa siku yoyote. Ilitakiwa nusu ya Bunge na mmoja juu, yaani wabunge hamsini na mmoja, na Ungo walikuwa nao hao hamsini na mmoja, si pungufu, si zaidi. Ila mmoja wao alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo Pazi.

Mheshimiwa Pazi alikuwa mbunge wa Mikunguni kwa tiketi ya Ungo, lakini ukimwita mtu wa Ungo alikunja uso kama aliyeuma ndimu. "Mimi ni mtu wa katikati," alikuwa akisema, huku amefumba macho kidogo ili neno lenyewe limteremke vizuri. Maseremala wa Bunge walimchongea kiti chake peke yake, kikawekwa kwenye njia baina ya pande mbili, mahali pa watu kupita. Aliyetaka kwenda msalani alimzunguka. Pazi alikipenda kiti kile kupita kiasi. Kila asubuhi alikipangusa mwenyewe kwa leso yake, na akikikalia alihisi nchi nzima imetulia juu ya kiuno chake.

Na sifa zake hazikuwa za kubuni, jamani, tusimwonee. Ungo walipotaka daraja la Mto Mkomole na Kinu wakalikataa, ni nani aliyewapatanisha? Pazi. Likajengwa nusu. Lipo hadi leo, zuri, la zege, lina vyuma vya kushikia, linafika katikati ya mto. Watu hulipanda mpaka mwisho, wakatazama ng'ambo, wakarudi kuvua viatu. Kwa kazi hiyo alipewa nishani, nayo aliivaa hata kwenye harusi za watu.

Kichwani alivaa kofia ya viua, ile ya kudariziwa matundu madogo, na kofia hiyo haikununuliwa dukani. Ilishonwa na Bi. Siwatu wa Mikunguni, bibi mmoja mjane aliyembeba Pazi mgongoni enzi mama yake akiwa shambani. Kila uchaguzi Bi. Siwatu humshonea mpya, tundu kwa tundu, miezi minne mizima, na hataki hata asante. "Kichwa cha mwanangu kisikae wazi mbele za watu," husema. Ajuaye kilichomo kichwani humo ni Mungu, lakini juu kilipendeza.

Sasa huko Mikunguni kuna mpunga, na penye mpunga pana panya, na penye panya pana nyoka. Kifutu hasa. Kifutu hakimbii, hulala palepale kama kipande cha gogo mpaka umkanyage. Zahanati ya Mikunguni ilikuwa na muuguzi mmoja, Kibibi Pazi, dada mkubwa wa Mheshimiwa, na ilikuwa na bendeji, na wembe, na kalenda ya ukutani. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo, wala friji ya kuihifadhi, na hali ilikuwa hiyohiyo katika zahanati zote za nchi ile. Ndipo Ungo wakaleta Muswada wa Dawa ya Nyoka: kila zahanati friji moja na dawa ya kutosha kabla ya mvua za masika.

Siku uliposomwa, Pazi alisimama kwenye kiti chake akauunga mkono akitokwa na machozi. Machozi ya kweli. Alitaja mashamba ya Mikunguni, akamtaja marehemu babu yake aliyeumwa kisigino, mpaka wabunge wa pande zote wakapangusa macho. Spika akasema sasa wanaoafiki. Mara mlango ukafunguka, akaingia dereva wa Mheshimiwa Dunstani Ngwendu, kiongozi wa Kinu, amebeba kofia ya bosi wake kwa mikono miwili kama trei ya chai. Akaiweka mezani. Akainama. Akatoka kwenda kuosha gari.

Sababu za Mheshimiwa Ngwendu zilisomwa kutoka kwenye karatasi. Alisema hana chuki na wagonjwa. Alisema mwananchi akizoea dawa atasahau kutazama anapokanyaga, na taifa lisilotazama linapokanyaga halina mustakabali. Alisema pia kwamba nyoka walikuwapo kabla ya uhuru.

Jioni ile simu ya Pazi ililia. Dada Kibibi hana mazoea ya kuulizia hali.

"Mwinyi, wiki hii wamefika watatu. Wawili nimewarudisha kwao kwenye mkeka."

"Poleni sana, dada. Nimehuzunika mno."

"Sitaki pole, nataka dawa. Nimesikia redioni unaupenda muswada."

"Naupenda! Nauunga kwa mikono miwili, dada."

"Na hiyo kofia? Si mnaweza kuifuta mila? Nimeambiwa amebaki mtu mmoja tu. Nimeambiwa ndiwe wewe."

Pazi akavuta pumzi. Alilipenda swali hili, maana jibu lake alilijua kwa moyo. "Dada, kofia ni jambo kubwa kuliko mimi na wewe. Leo tukiiondoa ya Ngwendu, kesho sisi tukiwa wachache nani atatulinda?"

"Mwinyi," akasema Kibibi, "sisi huku ni wachache tayari. Na tunapungua."

Akakata simu. Pazi alikaa nayo sikioni kidogo, akasikia kitu kimemchoma kifuani, akadhani ni kiungulia, akanywa maji nusu glasi.

Ukafuata msimu mtamu kuliko yote maishani mwake, na hapa lazima niseme ukweli, alinenepa. Asubuhi humjia Mheshimiwa Pili Songoro, mama mkali wa Ungo aliyeuleta muswada, na birika la chai na vitumbua. "Mheshimiwa, kura yako moja tu. Watu wanakufa." Pazi hunywa nusu kikombe, akasema anamwelewa sana. Jioni humjia Ngwendu na birika lake. "Mheshimiwa, wewe ndiwe nguzo ya hekima humu. Usiwasikilize hawa wenye pupa." Pazi hunywa nusu kikombe, akasema anamwelewa sana. Magazeti yakaandika kwamba nchi nzima inamtazama. Akakata vipande vyote akavibandika ukutani.

Siku Songoro aliposhindwa kujizuia, alimpigia kelele palepale kwenye korido. "Kama unautaka muswada na unaitaka kofia inayouzuia, unataka nini hasa, baba?"

"Nataka maelewano," akajibu Pazi.

"Kati ya nani na nani? Kati ya mtu na nyoka?"

"Pande zote zina hoja," akasema Pazi, na usiku huo alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Basi kofia ikalala mezani. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwa kuwa haiguswi, hata mfagizi aliacha duara la vumbi kuizunguka. Panya akaona pametulia, akaingia chini yake akazaa. Na penye panya, nilishakwambia.

Ilikuwa mwezi wa saba, Jumanne, katibu anasoma orodha ya wageni. Kofia ikasogea.

Katibu akaishusha orodha. Kofia ikasogea tena, shibri nzima, kuelekea upande wa Ungo. Mbunge mmoja akaruka juu: "Mwongozo wa Spika! Kofia imeondoka yenyewe, kura ipigwe!" Mwingine wa Kinu akajibu kwamba imesogea tu, kusogea si kuondoka, na tena haikusogezwa na mwenyewe. Spika akafungua kitabu cha kanuni. Alikuwa bado anatafuta ukurasa, kifutu mnene kama mkono akatoa kichwa chini ya ukingo wa kofia, akawatazama waheshimiwa, na kusema kweli hakupendezwa.

Lo! Hapo ndipo utajua kwamba meza za Bunge ni imara. Waheshimiwa mia moja walipanda mezani kwa pumzi moja, wenye presha na wenye miguu mibovu, bila kuachana kwa vyama. Ngwendu, mtu wa kilo mia na kumi, alionekana juu ya kabati la vitabu, na hakuna hadi leo anayejua alifikaje.

"Mheshimiwa Spika!" akapaza sauti kutoka huko. "Natoa hoja! Dawa ya nyoka! Hapa Bungeni! Leo!"

"Lakini kofia yako iko mezani, Mheshimiwa," akasema Spika, naye amesimama juu ya kiti chake amekusanya joho mpaka magotini. "Kura haipigwi mpaka uje uiondoe."

Ngwendu akamtazama nyoka, akaitazama kofia. Hakuonekana mwenye haraka ya kuiondoa.

Hapo Spika akaonyesha kwa nini alisomeshwa ng'ambo. Akatoa uamuzi: Mila ya Kofia huzuia mambo ya wananchi, haijawahi kuzuia mambo ya waheshimiwa, kwa mfano yale ya mito ya viti na vinywaji vya wageni. Wanaoafiki waseme ndiyo. "Ndiyo!" dari likatikisika. Ngwendu alisema ndiyo mara mbili. Sheria ya Dawa ya Nyoka kwa Waheshimiwa ilipita kwa kura zote katika dakika nne, pamoja na kusomwa kwake mara tatu na sala ya kufunga. Nyoka naye, alipoona hakuna wa kumkanyaga, aliteremka mguu wa meza akaingia chumba cha kumbukumbu za Bunge. Hakutolewa. Chumba kile hakina mtu anayekwenda.

Friji ilifika kesho yake. Ndani yake chupa mia moja, kila chupa dozi moja, kila dozi ina jina la mheshimiwa wake, na haitoki ila kwa saini ya mwenye jina. Kofia ya Ngwendu, bila shaka, ilibaki pale mezani kuuzuia muswada wa zahanati.

Pazi aliongea na redio siku hiyohiyo. "Leo pande zote zimekutana katikati," akasema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Hili ndilo nililokuwa nikilipigania."

Jioni simu ikalia. "Nyoka mmoja," akasema dada Kibibi. "Dakika nne." Akakata.

Kama miezi miwili kabla ya masika, Bunge lilikuwa likizo. Waheshimiwa wote walikuwa wamekwenda ng'ambo kwenye Semina ya Kupunguza Semina. Aliyebaki ni Pazi peke yake, kwa sababu safari ilikuwa na makundi mawili, la Ungo na la Kinu, na yeye hakutaka kuonekana ameegemea ndege moja. Saa nne asubuhi alikuwa ofisini anasoma habari zake mwenyewe, akaitwa nje.

Palikuwa na gari la kubebea mpunga, limejaa vumbi. Nyuma yake, juu ya magunia, dada Kibibi amekaa amempakata Bi. Siwatu. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba mpaka gotini, umebadilika rangi.

"Kifutu," akasema Kibibi. "Alfajiri, akienda kuangalia jaruba lake la mpunga. Nimesafiri naye saa mbili. Kwangu hakuna dawa, hospitali ya wilaya hakuna. Friji iliyopo ni hii yenu. Toa chupa yako, Mwinyi, upesi."

Pazi akasogea garini. Alimpenda bibi yule, tusimsingizie. Aliushika mkono wake na mkono ulikuwa wa moto. Bi. Siwatu akafumbua macho. "Mwanangu Mwinyi," akasema, "kofia yako imebaki ukingo tu. Usije ukavaa ya dukani."

"Sitavaa, mama," akasema Pazi, na machozi yakamtoka. Ya kweli, tena.

Daktari wa Bunge alikuja mbio na fomu na kalamu. "Weka saini hapa, Mheshimiwa. Dozi nzima, tukimwahi anaweza kupona."

Pazi akaishika kalamu. Na hapo, bwana, ugonjwa wake ukampanda. Akaliangalia jengo la Bunge. Akafikiria chumba cha kumbukumbu, na kile kilichomo. Je, akirudi ndani akaumwa yeye, na chupa yake imetumika? Kiti cha katikati kikibaki kitupu, nchi itaegemea wapi? Upande mmoja kuna bibi aliyemlea. Upande wa pili kuna taifa. Pande zote zina hoja. Akahisi ule utulivu wake mtamu ukimrudia taratibu, ukimpanda kutoka kiunoni, na akajua kwamba ameshapata jawabu.

"Nusu," akasema.

"Nusu nini?" akauliza daktari.

"Nusu yake, nusu yangu. Hapo hakuna aliyeonewa."

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, dozi hii haigawanyiki. Nusu ni sawa na kumchoma maji."

"Daktari, wewe ni mtaalamu, nakuheshimu. Lakini huo ni msimamo mkali."

Dada Kibibi hakupiga magoti. Alimkabidhi Bi. Siwatu kwa dereva, akashuka garini, akasimama mbele ya mdogo wake karibu kiasi cha kumkanyaga. "Mwinyikondo. Huyu alikutafunia chakula huna meno. Hapa hakuna Ungo, hakuna Kinu, hakuna kofia, hakuna wa kukupigia makofi. Ni chupa yako na saini yako. Nakuomba kama dada yako, na sijawahi kukuomba kitu: andika nzima."

Kwa kitambo kidogo sana, nasikia, ncha ya kalamu iligusa karatasi mahali palipoandikwa "nzima." Kisha mkono ukasogea. Akaandika nusu, akatia saini yake ndefu yenye mkia, na tarehe.

Bi. Siwatu alichomwa nusu. Nusu nyingine ilifungwa kwa plasta ikarudishwa kwenye friji, na jina lake. Saa tisa alasiri, chini ya kivuli cha ukuta wa Bunge, bibi akakata roho, na mkono wake bado umekunja vidole viwili kama ulioshika sindano.

Kibibi alimfunika kwa kanga yake mwenyewe. Hakulia. Alimgeukia mdogo wake aliyekuwa amesimama pembeni na leso.

"Haya, mwenye busara," akasema. "Na kaburi tulichimbe nusu?"

Pazi akaikunja leso yake katikati. Waliokuwapo wanaapa kwamba alikuwa anapima hoja.

Baada ya arobaini, kifurushi kilimfikia Mheshimiwa Pazi ofisini. Ndani mlikuwa na kofia aliyokuwa akishonewa, imekamilika kila kitu isipokuwa ukingo, na kikaratasi chenye mwandiko wa dada yake: "Alikuachia. Iko kama alivyoiacha." Pazi aliibusu. Halafu akajitazama kwenye kioo, na wazo likamjia, maana mtu wa aina ile hakosi wazo. Kofia ambayo haijakwisha! Mtu wa katikati angevaa nini zaidi ya hiyo?

Siku Bunge liliporudi aliingia nayo. Ukingo haujashonwa, nyuzi zinaning'inia. Alieleza kwa unyenyekevu imetoka kwa nani, na kwamba anaivaa kama ishara ya maelewano. Bunge zima likasimama kumpigia makofi. Ngwendu alisema hajawahi kuona kofia yenye busara kama ile. Wabunge wawili vijana waliuliza inaposhonwa.

Songoro peke yake hakupiga makofi. Akasimama. "Mheshimiwa Spika, masika yamefika mlangoni. Kofia ile pale mezani ina miezi tisa. Naomba kwa mara nyingine tuifute mila hii. Tuko hamsini, tunataka mmoja. Mheshimiwa Pazi, bibi yako amekufa. Unasemaje leo?"

Juu kwenye roshani ya wananchi watu wakainama kusikia. Pazi akapanda juu ya kiti chake, akafumba macho kidogo.

"Waheshimiwa," akaanza, "hakuna aliyeumia kuliko mimi. Lakini uchungu si sera. Baina ya wanaotaka kila kitu na wasiotaka kitu kuna njia, na njia hiyo ni nusu. Nusu ni hekima! Nusu ni amani! Nusu ndiyo…" Na kwa kukazia neno, akakipiga kichwa chake kofi, juu ya kofia.

"Mamaaa!"

Kitu kilikuwa kimemwingia kichwani, kikali, cha moto.

"Nyoka! Nyoka kofiani! Nimeumwa!"

Meza zikapandwa. Ngwendu akaonekana tena juu ya kabati. Pazi alikuwa chini, amelala chali mbele ya kiti chake, anatetemeka, damu tone moja imemshuka kwenye paji la uso. Daktari akaja mbio na chupa iliyofungwa plasta, sindano mkononi.

Pazi akaitazama chupa ile. Akaona kilichomo.

"Hiyo ni nusu!" akapiga ukelele. "Nusu haitoshi! Mnataka kuniua? Nipeni nzima! Nusu haitoshi kitu, daktari, nusu ni maji! Nzimaaa!"

Katibu, aliyekuwa chini ya meza na kalamu yake, aliandika kila neno, kwa hiyo limo katika Taarifa Rasmi. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mheshimiwa Pazi kuwa na msimamo.

Daktari alimvua kofia, akapekua kitambaa kwa vidole, akachomoa kitu akakiinua kwenye mwanga. Ilikuwa sindano ya kushonea, na uzi wa kijani kibichi bado uko tunduni. Ilikuwa imechomekwa vizuri pale ukingo ulipoishia, kama mshonaji anavyoichomeka anapoinuka kwenda kuangalia jaruba lake na kurudi.

Wabunge wakateremka mezani mmoja mmoja, wakikung'uta suruali. Pazi akaketi sakafuni. Ndipo sauti ikatoka roshani, bila kupazwa.

"Rudia, Mwinyi," ikasema. Alikuwa dada Kibibi, amesimama, amevaa sare yake ya uuguzi. "Rudia ulivyosema. Bi. Siwatu hakusikia."

Askari wa Bunge wakamtoa kwa kosa la kusema bila kipaza sauti.

Songoro hakukaa. "Mheshimiwa Spika, tumemsikia wote. Nusu haitoshi. Basi namuuliza Mheshimiwa Pazi, mbele ya Mungu na mbele ya Taarifa Rasmi: kofia iondoke au ibaki?"

Pazi akainuka. Akapangusa damu kwa leso, akakipangusa na kiti kwa leso hiyohiyo, akakaa. Akatazama upande wa Ungo. Akatazama upande wa Kinu. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu anayetaka kutapika neno. Kisha, taratibu, uso wake ukatulia.

Akaomba kwanza Taarifa Rasmi irekebishwe, pale iliposema "nusu haitoshi" isomeke "nusu inaelekea kutotosha." Ikarekebishwa. Kuhusu kofia, akasema, swali ni zito, asingependa kulijibu kwa pupa. Akaomba apewe nusu saa ya kutafakari.

Akapewa. Mpaka ninapokusimulia haya nusu saa hiyo haijaisha, na huko Mikunguni mvua imeanza kunyesha.